Landi za zamani na mawe ya Loiyangalani: tengenezeni chini kwanza

Kwa Mhariri,

Hii barua naiandikia hapa Kariobangi Light Industries, nimekaa juu ya tairi kuukuu kando ya fundi, Landi yangu, yaani Land Rover, iko juu ya magogo magurudumu yote manne yametolewa, na kwa vile nimeambiwa wili silinda, zile silinda ndogo za breki za kila gurudumu, hazifiki mpaka jioni nimeona wacha nitoe hili jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu.

Siku hizi hapa Nairobi vijana wengi wamerudia magari ya zamani, hizi Land Rover Series II na Series III na zile Land Cruiser za miaka ya sabini, wanazitoa mashambani kwa wazee ambako kuku walikuwa wanatagia ndani, wanapiga rangi, wanaweka taa nne juu, winchi mbele, keria kubwa ya chuma, halafu Disemba ikikaribia wanaambiana twende Turkana tukapande mawe. Mimi jambo hili linanifurahisha sana, nataka ijulikane hivyo mapema nisije nikaonekana napinga. Ninachoomba ni hiki tu, kabla ya kuongeza chochote kwa hiyo gari, irudishe kwanza kuwa nzima vile ilivyotoka kiwandani, na uanzie chini kule kusikoonekana.

Nasema hivyo kwa sababu yalinipata. Gari yangu ni Series III ya 1974, ile fupi ya inchi 88, injini ya petroli ya 2286 cc, mzee wangu aliinunua mnadani 1986 na kule Nyandarua akabebea maziwa na nyasi za ng'ombe na wakati mwingine akina mama wajawazito usiku kuwapeleka hospitali. Mzee alipotuacha gari ikawa yangu. 2018 nikaamua kuipeleka Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, nikatumia pesa karibu zote nilizokuwa nazo kwa winchi, tairi kubwa na hayo mataa, na kwa springi za nyuma nikaongezewa majani mawili, vile vyuma vyembamba vinavyolaliana kuwa springi, kila upande ndio gari isimame juu, nikafurahi vile imenyanyuka. Tukatoka Nairobi, Nyahururu, Rumuruti, Maralal, Baragoi, South Horr, hakuna shida hata moja, tukapita vile vinu vya upepo 365 vya pale Sarima, na baada ya hapo ndio barabara ikaanza kuteremka kwenda ziwani.

Aliyepita pale anajua. Unaona ziwa lile la kijani kule chini kabisa, unafurahi, halafu unaangalia mbele ya bampa unaona mawe meusi ya volkano, mengine kama kichwa cha mtu, mengine kama jerikeni ya lita ishirini, yamelegea, yana makali, na upepo wa kutoka mlima Kulal unasukuma gari mpaka mlango ukifunguka hauwezi kuushika. Nilianza kusikia stiaringi inavuta upande mmoja nikafikiri ni huo upepo. Sio upepo. U-boliti za springi ya nyuma kulia, zile za umbo la U zinazofunga ekseli kwa springi, zilikuwa zimelegea kitambo, ile boliti ndogo ya katikati inayoshikilia majani yasiteleze ikakatika, ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, na iliporudi ikavuta hozi ya breki ikaipasua. Nikakanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini. Na mjue kwamba nyingi za hizi Landi za zamani breki zake ni laini moja, ikipasuka mahali pamoja umepoteza miguu yote minne, hakuna nusu inayobaki. Kilichotuokoa ni kwamba nilikuwa tayari kwa ile gia ndogo, kipini chekundu, namba moja, gari ilikuwa inatembea pole kuliko mtu mzee, nikaielekeza kwa jiwe kubwa ikasimama. Nilikuwa na watoto wa dada yangu wawili kwa gari. Mpaka leo nikikumbuka nasikia baridi mgongoni.

Tulilala pale siku mbili. Siku ya tatu lori la kubeba samaki wakavu likatokea Loiyangalani, dereva mzee wa makamo, akashuka bila hata kuulizwa, akaingia chini ya gari na kitambaa chake kichwani, akavuta ekseli na cheni mpaka ikarudi mahali pake, akaweka kipande cha mti juu ya springi akakifunga na mipira ya tubu iliyokatwa vipande virefu, na ile laini ya breki ya nyuma akaikunja akaipiga na nyundo ikaziba ndio tubaki na breki za mbele. Alipomaliza akaniuliza kitu kimoja tu, "Kijana wangu, hizi U-boliti ulikaza lini mara ya mwisho?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimewahi kuzikaza. Nilikuwa na winchi mpya kabisa hapo mbele ambayo haikunisaidia na lolote.

Kwa hivyo Mhariri hayo ndiyo yaliyonifanya nikakaa na mafundi miaka hii yote, na nikueleze nilichojifunza ili anayejitayarisha sasa asome.

Kwanza chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari yote. Bodi ya hizi Landi ni aluminiamu, walianza hivyo 1948 kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa shida kupatikana kule Uingereza, na aluminiamu haishiki kutu kama chuma, ndio maana unaona Landi ya miaka hamsini bado imesimama vizuri unadhani iko sawa. Lakini chesisi iliyo chini ni chuma, na inaoza kutoka ndani kuja nje. Chukua nyundo ndogo ugonge polepole kila mahali, hasa pale springi zimeshikiliwa na ule mhimili wa nyuma kabisa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa kama unagonga mbao mbichi. Usidanganywe na rangi nyeusi ya kung'aa, kuna watu wanajaza puti pale na kupaka juu, na ukifika kwa mawe gari inajipinda, puti inatoka, springi inabaki haina mahali pa kushikilia. Kuchomelea kukifanywa na fundi anayejua hakuna neno, mradi akate mpaka afike kwa chuma kizuri na aweke kipande kinene, sio kubandika kiraka juu ya kutu. Na tangi la petroli litolewe kwanza, hilo msibishane nalo.

Halafu springi, na hapa naomba wasomaji wanivumilie kwa sababu ndipo watu wengi wanaharibu. Watu wanafikiri gari ya mawe lazima iwe juu na ngumu. Hapana. Kwa mawe unataka springi inayojikunja na kujinyoosha ili gurudumu lifuate ardhi. Hizi Landi difu yake, zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu, ni ya kawaida isiyofungika, yaani gurudumu moja likiinuka hewani nguvu yote inakimbilia hilo lililo hewani, linazunguka bure na lile lililo chini linakaa tu. Sasa wewe umeongeza majani mawili, springi imekuwa kama reli, ukipanda jiwe moja gurudumu la upande wa pili linanyanyuka, gari inakwama mahali ambapo gari ya mzee wako ikiwa na springi zake za kawaida ingepita bila hata kelele. Ndivyo ilivyokuwa yangu. Kisha unakanyaga mafuta kwa hasira, gurudumu linazunguka hewani, linashuka ghafla likashika jiwe, na hapo ndipo hafu shafti, kile chuma kinachotoa nguvu kwa difu kupeleka kwa gurudumu, inakatika.

Sasa hivi fundi ameyatoa yale majani niliyoongeza, kila jani limetenganishwa, likasuguliwa kutu, yaliyolala yakakunjwa upya, yakapakwa grisi yakarudishwa, bushi zote mpya. U-boliti ni mpya pia, zile za zamani hazirudishwi kwa sababu zimeshavutika, na zinakazwa gari ikiwa imekaa kwa uzito wake chini, halafu baada ya kutembea kilomita mia mbili hivi unazikaza tena. Hii ya kukaza tena ndiyo watu wanasahau. Na zile shakoli ndefu za kunyanyua gari, vile vyuma vinavyoshikilia mwisho wa springi kwa chesisi, kuna vijana wanaziweka, zinageuza pembe ya ekseli ya mbele na stiaringi inaanza kuyumba ukiwa na mwendo, mtu anaanza kutafuta ugonjwa kwa stiaringi na ugonjwa aliuweka mwenyewe.

Nimeona vijana wanaangalia video za Marekani, za kule Moab, Utah, gari zina tairi kubwa hazina hewa karibu kabisa zinapanda ukuta. Lile jiwe la Moab ni mchanga ulioganda, linashika tairi kama msasa, gari inaweza kusimama juu ya mteremko mkali isiteleze. Mawe yetu ya volkano hayafanani na hayo hata kidogo, yanabingirika chini ya tairi na yana ncha zinazokata ukuta wa tairi kwa pembeni. Kwa hivyo hewa punguza ndiyo, mimi hutoka kama PSI 35 nikashuka mpaka 22 hivi nikaacha hapo, kwa sababu tairi zetu nyingi za 7.50-16 zina tubu ndani na ukishusha sana tairi inazunguka kwa rimu, inavuta vali na kuing'oa. Beba spea mbili, tubu, viraka, gundi, vyuma vya kufungulia na pampu. Hata ya mguu inatosha.

Breki sasa. Badilisha hozi zote za mpira hata kama zinaonekana nzuri kwa nje, kwa sababu ndani zinavimba na kuziba. Badilisha maji yote ya breki kwani hayo maji yanavuta unyevu wa hewa yakikaa, na kwa mteremko mrefu yakipata moto unyevu unachemka na pedali inakuwa laini. Wili silinda zifunguliwe. Hendibreki ya hizi Landi haiko kwa magurudumu, iko nyuma ya giaboksi kwa propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwa ekseli, na oil sili ya pale ikivuja oili inaingia ndani ya dramu na hendibreki imekwisha, na wewe huko kwa mawe unaihitaji kweli kweli ukitaka kushuka kuangalia njia. Niliwahi kuuziwa wili silinda feki kwa duka moja, zimeandikwa vizuri kwa boksi na kila kitu, zikaanza kuvuja baada ya wiki tatu. Nauliza wale wanaoagiza hivi vitu, Mhariri, mtu anayeuza breki feki analala aje usiku? Taa feki sawa, tutaendesha mchana. Breki inabeba watoto wa watu.

Mbele, nyanyua gari kwa jeki ushike gurudumu juu na chini ulitikise, likicheza angalia beringi, angalia na vile viungo vya ndani ya yale mapira ya chuma yanayong'aa nyuma ya magurudumu. Hayo mapira yakiwa na vidonda vya kutu yatakula sili kila mwezi na oili itamwagika njiani. Krosi za propela zipigwe grisi. Viungo vya stiaringi, kile ambacho mpira wake umepasuka kitolewe. Haya ni ya siku moja tu na fundi yeyote makini anaweza.

Injini ya petroli ya hizi gari ni mwaminifu sana, lakini imezoea hewa ya Nairobi mita 1,700 juu ya bahari, na ziwa liko kama mita 360 tu, joto ni kali na kabureta inaanza kuleta maneno. Rediata itolewe isafishwe, hozi za maji na klipu zote mpya, fan belti mpya na ya zamani ikiwa bado nzima iwekwe chini ya kiti. Petroli nayo inaweza kuchemka kwenye bomba linalopita karibu na injini gari ikazima tu, ukiona hivyo simama, weka kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu na ungoje. Mimi gari yangu huipima hivi: naipeleka Olorgesailie kwa barabara ya Magadi saa sita mchana ikiwa imebeba mzigo wote wa safari, nakaa kidogo kwenye joto, halafu naipandisha kurudi mpaka Kona Baridi bila kusimama. Ikichemsha pale imenisaidia, kwa sababu niko karibu na nyumbani na naweza kurudi kwa fundi. Hakuna kipimo kizuri kama hicho karibu na jiji na ni petroli ya nusu siku tu.

Mzigo uwe chini. Maji na petroli viwekwe katikati na chini kabisa, sio kwa keria, gari hizi ni nyembamba na kwa mteremko wa pembeni uzito wa juu unaziangusha. Beba hafu shafti moja ya kila upande wa nyuma, kontakti pointi na kondensa za moto wa plagi, kamba ya kuvutia, jeki na ubao wa kuiweka juu yake. Hafu shafti ya nyuma ikikatika unaitoa, unaweka fo-wili, unaendelea na nguvu ya mbele mpaka mahali pa kutulia, ila ile nusu iliyobaki ndani ya difu itafutwe na sumaku itoke. Na winchi kama unayo pesa iweke, mimi sijaitoa yangu, ila iwe ya mwisho kwa orodha.

Sasa kilichonifanya hasa nikuandikie wewe Mhariri na nisiseme tu na wenzangu hapa gereji. Haya yote niliyoandika hakuna mahali nimeyasoma kwa Kiswahili. Vitabu vya hizi gari ni vya Kiingereza, na anayezijua kweli ni mzee kama huyu aliyeko chini ya gari yangu sasa hivi, ambaye alianza akiwa kijana wa kushika spana wakati Land Rover zilikuwa zinaunganishwa pale Thika kwa kiwanda cha Leyland, na ambaye anasikia difu kwa sikio akiwa amesimama barabarani. Ukizunguka barabara ya Kirinyaga, ile wazee bado wanaita Grogan, wa rika lake waliobaki unawahesabu kwa vidole. Vijana walio gereji wanajua kompyuta za magari mapya na hiyo ni kazi nzuri, lakini ukiwaletea kabureta wanaiangalia tu. Na gari zenyewe hazitaongezeka, sheria yetu kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari iliyotumika iliyozidi miaka minane, kwa hivyo Landi ya 1974 inayoharibiwa leo kwa mawe ni moja imetoka na hakuna nyingine inakuja.

Gazeti hili mnasomwa gereji, nawaona mafundi wakila chapati na ukurasa wa michezo. Naomba mtupe hata nusu ukurasa kwa wiki, mwandishi aende akae na hawa wazee mmoja mmoja, aandike vile wanasema wao wenyewe, springi inakunjwaje, sikio linasikiliza nini, puti inajulikanaje. Huyu wa kwangu nimemuuliza kama atakubali, akasema mwandishi aje tu lakini aje na nguo za kuchafuka.

Sisi tunatoka wiki mbili zijazo, Jumamosi saa kumi alfajiri, gari tatu. Nimebeba U-boliti mpya za ziada na tubu zilizokatwa tayari, na kilo kumi za sukari za yule mzee wa lori, kwa sababu niliambiwa bado anabeba samaki njia ile na nilipotaka kumlipa siku ile alikataa pesa. Kama kuna msomaji ana jani kuu la springi ya nyuma ya Series III fupi, la zamani la kweli na sio la kuchongwa, aandike hapa kwa ukurasa huu nitaliona, fundi anasema hilo la kushoto litafika lakini hana hakika kama litarudi.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi